Rufaa ya kodi hujengwa kabla ya kushindwa

Mfanyabiashara anayeshindwa mbele ya Baraza la Rufaa za Kodi mjini Kampala ana siku 30 za kupeleka shauri lake Mahakama Kuu. Akifika huko, jaji hatamuuliza vitenge alivinunua kwa bei gani, mchele ulikuwa magunia mangapi, wala lori lilivuka mpaka lini. Mambo hayo yalikwisha chini. Mahakama Kuu hutaka kujua jambo moja: je, Baraza lilikosea kisheria?

Kwa watu wa Kikuubo, Owino na maduka ya katikati ya jiji wanaoingiza mali kupitia Busia, Malaba, Mutukula, Katuna na Elegu, tofauti hiyo ni ya fedha. Ni rahisi kudhani kuwa rufaa ni kuanza upya mbele ya mtu mwenye cheo kikubwa zaidi, na kwamba risiti iliyosahaulika chini inaweza kupelekwa juu. Sheria ya Uganda haiendi hivyo. Karatasi ambayo haikufika mbele ya Baraza, kwa kawaida haitasaidia kitu mbele ya jaji. Rufaa nzuri basi huanza kujengwa siku ile mzigo unapozuiwa, miezi mingi kabla ya mtu kujua kama atashinda au atashindwa.

Ngazi ya kwanza ni Kamishna

Migogoro ya forodha katika nchi wanachama huongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Anayeathiriwa na uamuzi wa ofisa wa forodha, iwe ni kupandishiwa thamani ya mzigo, kukataliwa cheti cha asili ya bidhaa au kuwekwa kwenye kiwango kingine cha ushuru, anatakiwa kumwandikia Kamishna ndani ya siku 30 tangu uamuzi huo, akiomba upitiwe upya na akieleza sababu zake.

Kamishna naye ana siku 30 za kujibu kwa maandishi na kutoa sababu. Hesabu hiyo huanza baada ya kupokea ombi pamoja na maelezo ya ziada aliyoyataka. Asipojibu katika muda huo, sheria inamhesabu kuwa amelikubali ombi. Kifungu hiki kina nguvu kubwa kwa mfanyabiashara, lakini kinamfaa tu yule mwenye nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, au uthibitisho wa siku barua ilipotumwa kwa mtandao. Mazungumzo ya simu na ofisa wa mpakani hayaanzishi hesabu ya siku yoyote.

Aliyechelewa hajafungiwa mlango kabisa. Kamishna anaweza kupokea ombi lililochelewa kama mhusika alikuwa nje ya nchi, alikuwa mgonjwa, au ana sababu nyingine ya msingi, mradi hakuzembea baada ya hapo. Hati ya hospitali au muhuri wa pasipoti ndio ushahidi wa kawaida wa sababu hizo.

Wakati ombi likisubiri, mzigo si lazima uoze ghalani. Sheria hiyo inamruhusu Kamishna, akiombwa, kuachia bidhaa baada ya mwenye mali kulipa ushuru uliopangwa au kuweka dhamana ya kutosha. Kwa mwenye nyanya, samaki au maziwa hili ndilo ombi la kwanza kuandikwa, kwa sababu ushindi wa miezi minane baadaye haurudishi mali iliyooza.

Ngazi ya pili ni Baraza

Katiba ya Uganda iliagiza Bunge litunge sheria za kuanzisha mabaraza ya kodi, na Baraza la Rufaa za Kodi ndilo lililotokana na agizo hilo. Mahakama ya Juu ilieleza, katika kesi ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA) dhidi ya Rabo Enterprises na Mount Elgon Hardwares, kwamba migogoro ya kodi ianzie kwenye Baraza, na Mahakama Kuu iifikie kwa njia ya rufaa. Anayekimbilia Mahakama Kuu moja kwa moja, akiamini kuwa Baraza ni la wadogo, anaweza kurudishwa mlangoni huku siku zake zikiendelea kwisha.

Kuhusu siku zenyewe, kuna mtego. Sheria ya forodha ya Jumuiya inatoa siku 45 za kukata rufaa kwenye baraza la kodi baada ya kupokea uamuzi wa Kamishna. Sheria ya Uganda inayolisimamia Baraza inataja siku 30. Mwenye busara hufuata ile fupi, kwa sababu hakuna aliyewahi kushindwa kesi kwa kuwahi. Baraza lina uwezo wa kuongeza muda kwa sababu ya msingi kama ugonjwa au kuwa nje ya Uganda, lakini ukomo ni miezi 6 tangu uamuzi wa kodi.

Kisha kuna fedha. Sheria inamtaka aliyepinga makadirio ya kodi alipe asilimia 30 ya kodi iliyokadiriwa, au sehemu ya kodi asiyoibishania, iliyo kubwa kati ya hizo mbili, wakati mgogoro ukisubiri kuamuliwa. Sharti hilo limepigwa vita kwa miaka mingi. Mahakama ya Juu ililiunga mkono katika kesi ya Uganda Projects Implementation and Management Centre. Mwaka 2020, katika shauri la kampuni ya Fuelex, Mahakama ya Katiba iliona kuwa sharti hilo linakiuka Katiba pale tu linapomlazimisha kulipa mtu ambaye ubishi wake hauhusu kiasi cha kodi.

Maana yake kwa mfanyabiashara ni kwamba namna ya kuandika pingamizi ina bei. Anayesema “kodi hii ni kubwa mno, nilipaswa kulipa nusu” anabishania kiasi. Anayesema “sheria hainitozi kodi hii hata kidogo” ana hoja ya namna nyingine. Wakili au mhasibu anayejua kodi ndiye wa kuulizwa hapa, na aulizwe kabla barua ya pingamizi haijatoka.

Hesabu ya mfano inaonyesha uzito wake. Mtu aliyekadiriwa shilingi milioni 40 atatakiwa kutanguliza milioni 12. Zinabaki milioni 28, na sheria ya forodha inatoza riba ya asilimia 2 kwa mwezi kwa ushuru ambao haujalipwa. Hiyo ni shilingi 560,000 kila mwezi, au shilingi 6,720,000 kwa mwaka mmoja. Akishinda, hesabu hiyo inafutika. Akishindwa, rufaa imemwongezea deni. Kabla ya kusaini karatasi yoyote, mtu apige hesabu hii pembeni ya hesabu ya faida ya mzigo wenyewe.

Hapa ndipo ushahidi huishia

Mbele ya Baraza, mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayelalamika. Si URA inayotakiwa kuonyesha kuwa makadirio yake ni sahihi. Ni mlipakodi anayetakiwa kuonyesha kuwa yamezidi, au kwamba uamuzi ulipaswa kuwa mwingine. Baraza linaweza kuukubali uamuzi wa Kamishna, kuubadilisha, kuufuta, au kuurudisha kwake aufikirie upya. Lakini haliwezi kufanya lolote kati ya hayo kwa mtu aliyekuja na maneno matupu.

Ugomvi wa thamani ya bidhaa ni mfano mzuri. Jedwali la Nne la sheria ya forodha limepanga njia za kutafuta thamani kwa mfuatano. Ya kwanza ni bei halisi iliyolipwa au inayopaswa kulipwa kwa bidhaa hiyo. Ikishindikana ndipo hutazamwa bei ya bidhaa zilizo sawa kabisa, kisha zinazofanana, na kuendelea hadi njia ya mwisho. Ofisa anayeruka moja kwa moja kwenye orodha ya bei za kulinganisha, bila kueleza kwa nini ameikataa bei ya ankara, amempa mfanyabiashara hoja ya kisheria. Lakini ofisa huyo huyo akiona ankara isiyolingana na fedha zilizotumwa benki, ana sababu ya kuishuku.

Msemo wa wahenga kwamba mali bila daftari hupotea bila habari hapa ni kweli neno kwa neno. Faili la mtu anayetegemea kushinda lina ankara ya muuzaji, hati ya benki au ya simu inayoonyesha fedha zilivyotumwa, mkataba au ujumbe wa kukubaliana bei, hati ya usafirishaji, tamko la forodha, cheti cha asili, na barua zote alizoandikiana na forodha, zikiwa na tarehe. Ujumbe wa simu nao una nafasi, kwa kuwa Uganda ina sheria ya mwaka 2011 inayotambua kumbukumbu za kielektroniki. Mradi tu usifutwe, na simu isiuzwe.

Lugha nayo huangusha watu. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, lakini mahakama bado zinaendeshwa kwa Kiingereza. Ankara ya Kichina kutoka Guangzhou, au makubaliano ya Kiswahili yaliyoandikwa Dar es Salaam, yaje na tafsiri inayoaminika.

Tahadhari nyingine ni kwa wanaochangia kontena. Kama tamko la forodha lina jina la mwenye kontena peke yake, mwenye marobota 10 ndani yake ana kazi ya ziada ya kuonyesha kuwa mali ni yake na kwamba uamuzi umemgusa yeye. Nakala za hati zidaiwe kwa wakala wa forodha siku mzigo unapotolewa, si siku wakala anapokuwa amehama ofisi.

Mahakama Kuu: hoja, si hadithi

Baraza likishaamua, upande ulioshindwa una siku 30 tangu kujulishwa uamuzi kuwasilisha taarifa ya rufaa kwa Msajili wa Mahakama Kuu, na nakala kwa upande wa pili. Mahakama Kuu inaweza kuongeza muda, lakini kwa sababu zinazoeleweka. Taarifa hiyo lazima itaje maswali ya kisheria yanayopelekwa. Ikitaja malalamiko tu, kwamba uamuzi haukuwa wa haki au hasara ni kubwa, imeanza kwa kuyumba.

Swali la ukweli ni kama hili: mfanyabiashara alilipa dola 9,000 au dola 14,000? Baraza likisikiliza mashahidi wa pande mbili na kumwamini mmoja, hilo limekwisha. Swali la kisheria ni jingine: je, Baraza liliisoma vibaya sheria ya thamani? Je, lilimtwika mtu mzigo ambao sheria haimtwiki? Je, lilifikia hitimisho ambalo halina ushahidi wowote chini yake? Je, upande mmoja ulinyimwa nafasi ya kusikilizwa? Kwa maswali hayo, Mahakama Kuu inaweza kuufuta uamuzi au kulirudisha shauri kwenye Baraza.

Ndiyo maana mtu aliyeleta ankara na hati za benki mbele ya Baraza ana nguvu hata akishindwa. Anaweza kusema juu kwamba ushahidi ulikuwapo mezani na Baraza likaupita bila kuutaja. Aliyeziacha nyumbani hana la kusema.

Kukata rufaa peke yake hakusimamishi ukusanyaji wa kodi. Anayeogopa akaunti yake kufungwa au mali yake kushikwa anatakiwa kuomba amri ya zuio kwa ombi tofauti, akionyesha hasara itakayompata na dhamana anayoweza kuweka. Baada ya Mahakama Kuu njia inaendelea hadi Mahakama ya Rufaa, na mambo yanayosikilizwa yanazidi kuwa machache kila ngazi.

Jirani wanapanda kwa njia gani

Anayeuza pande zote za mpaka asidhani kuwa ngazi ni zile zile. Kenya inafanana na Uganda: Baraza la Rufaa za Ushuru, kisha Mahakama Kuu ndani ya siku 30, na kwa hoja za kisheria tu.

Tanzania ina ngazi mbili za mabaraza. Shauri huanza Bodi ya Rufani za Kodi, ambako taarifa ya rufani hutolewa ndani ya siku 30 na rufani yenyewe ndani ya siku 45. Aliyeshindwa hupanda kwenye Baraza la Rufani za Kodi, na kutoka hapo huenda Mahakama ya Rufani moja kwa moja, kwa hoja za kisheria tu. Kwa kodi za ndani, pingamizi nchini humo huambatana na malipo ya theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au sehemu isiyobishaniwa, iliyo kubwa. Kwa hiyo neno “baraza” likitajwa Kampala ni chombo cha kwanza, na likitajwa Dar es Salaam ni chombo cha pili. Wakala wa Mutukula anayechanganya viwili hivyo anaweza kumpotezea mteja wake siku zote alizonazo.

Mahakama ya Arusha si ngazi ya mwisho ya Kampala

Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, yenye makao ya muda Arusha na masjala ndogo Kampala, mara nyingi hutajwa kama mahali pa kukimbilia baada ya kushindwa nyumbani. Haisikilizi rufaa kutoka mahakama za Uganda. Kazi yake ni kuamua kama sheria, agizo, uamuzi au kitendo cha nchi mwanachama au chombo cha Jumuiya kinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kuifikia, na halazimiki kumaliza kwanza mahakama za nchi yake.

Kwa wafanyabiashara, mfano wa kukumbukwa ni wa British American Tobacco Uganda. Mwaka 2017 Uganda ilirekebisha sheria ya ushuru wa bidhaa na kuzitoza sigara zilizoingizwa kutoka nje viwango vya juu kuliko zilizotengenezwa nchini. Kampuni hiyo ilikuwa ikileta Uganda sigara zilizotengenezwa Kenya. Machi 2019 mahakama iliona kuwa kuzitenga hivyo bidhaa za nchi mwanachama kunakwenda kinyume cha Mkataba na kanuni za soko la pamoja. Hoja hiyo haikuwa ya sigara peke yake. Inamhusu pia anayeleta bidhaa yoyote iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya.

Mlango huo hata hivyo ni mwembamba. Shauri lipelekwe ndani ya miezi miwili tangu sheria au kitendo kinacholalamikiwa, au tangu mlalamikaji alipokijua. Mahakama hiyo nayo ina ngazi mbili, Divisheni ya Awali na Divisheni ya Rufaa, na ngazi ya juu imeonyesha ukali kuhusu muda. Mwaka 2013, katika shauri la Omar Awadh na wenzake dhidi ya Kenya na Uganda, lililohusu watu waliohamishiwa Uganda baada ya milipuko ya Kampala ya Julai 2010, Divisheni ya Awali ilikuwa imekubali kuendelea na kesi. Divisheni ya Rufaa ikasema miezi miwili imepita, na muda huo hauongezwi. Halikuwa shauri la biashara, lakini kanuni yake inawahusu wafanyabiashara vilevile: anayengoja Baraza la Kampala limalize ndipo aende Arusha huenda akakuta muda umekwisha.

Tena, mshitakiwa awe sahihi. Kampuni ya Modern Holdings iliishitaki Mamlaka ya Bandari ya Kenya kwa mali iliyoharibika Mombasa wakati wa vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Mwaka 2009 mahakama ililikataa shauri hilo kwa kuwa mamlaka ya bandari si nchi mwanachama wala chombo cha Jumuiya. Hasara yenyewe haikufikia kupimwa.

Kuamua kupanda au kuacha

Si kila uamuzi mbaya unastahili rufaa. Mambo manne huamua: kama kuna swali la kisheria linaloweza kuandikwa kwa sentensi moja, kama ushahidi wake tayari uko kwenye jalada la Baraza, kama siku bado zipo, na kama kiasi kinachogombaniwa ni kikubwa kuliko riba, gharama za wakili na muda wa mtaji kulala. Moja likikosekana, kukaa mezani na URA kutafuta suluhu huenda kukalipa zaidi, na suluhu inaweza kutafutwa hata shauri likiwa tayari liko mbele ya Baraza.

Kwa mwenye mtaji mdogo kuna kinga ya mapema zaidi. Bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 zinaweza kuvuka kwa cheti rahisi cha asili kinachotolewa mpakani. Hakiondoi kodi za ndani, lakini kinafunga mapema ubishi wa mali imetoka wapi. Kihifadhiwe pamoja na risiti hata baada ya mali kuuzwa, kwa sababu barua ya madai inaweza kuja wakati robota lenyewe halipo tena dukani. Na barua hiyo ikifika, kitu cha kwanza cha kuandikwa juu yake, kwa kalamu, ni tarehe iliyopokelewa.